2,147,483,647: Namba tasa iliyokaa mpakani mwa kompyuta

Mwombe mtu aliyezoea kuandika programu akutajie namba kubwa anayoijua kwa kichwa. Kuna uwezekano mkubwa ataanza na hii: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Mwanahisabati naye ataitambua, ila kwa sababu nyingine kabisa. Kwa wa kwanza namba hii ni ukomo: hesabu ikifika hapo haipandi tena. Kwa wa pili ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe, na kwa zaidi ya miaka 80 hakuna namba tasa iliyothibitishwa ambayo ilikuwa kubwa kuliko hiyo.

Ni rahisi kuzichanganya sifa hizi mbili na kudhani kwamba waliounda kompyuta waliichagua namba hii kwa sababu ni tasa. Sivyo. Zote mbili zinatokana na umbo moja, 2³¹ − 1, lakini kila moja ina sababu yake, na ni mara chache tu zinafanya kazi bega kwa bega.

Tuanze na umbo. Chukua 2, izidishe kwa 2 tena na tena mpaka upate 2 kwa kipeo cha 31. Unapata 2,147,483,648. Toa 1. Katika hesabu zetu za kawaida, zenye tarakimu kumi, matokeo hayaonyeshi chochote cha ajabu. Yaandike kwa mfumo wa binari, wenye tarakimu 0 na 1 tu, na sura inabadilika: tarakimu 31 zilizofuatana, na zote ni 1. Sababu yake ni ileile inayofanya 1,000 ukitoa 1 ibaki 999. Katika binari, 2³¹ ni 1 ikifuatiwa na sifuri 31. Ukipunguza moja, sifuri zote zinageuka kuwa 1.

Hapo ndipo ukomo unapozaliwa. Kwa miaka mingi kompyuta zilitenga nafasi 32, yaani biti 32, kwa kila namba nzima. Biti ya juu kabisa hushughulikia hasi na chanya, kwa hiyo zinabaki 31 za kubeba kiasi. Zijaze zote kwa 1 na umefika mwisho wa safari. Ukiongeza moja, kila 1 inageuka 0 na kubeba kwenda juu, mpaka ile 1 ya mwisho inatua kwenye biti ya alama. Katika mpangilio unaotumiwa na karibu kompyuta zote, biti hiyo huhesabiwa kuwa hasi 2,147,483,648. Basi kutoka kwenye namba kubwa kuliko zote mashine inaangukia kwenye ndogo kuliko zote, kwa hatua moja, na mara nyingi bila kumwambia mtu.

Desemba 2014 YouTube ilitangaza kwamba haikuwahi kufikiri video moja ingetazamwa mara nyingi kuliko namba hiyo, mpaka alipotokea PSY wa Korea Kusini na Gangnam Style. Kihesabio chao kilipanuliwa hadi biti 64. Hilo lilikuwa tukio la kufurahisha. La mwaka 2015 halikuwa hivyo. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliwaagiza wenye ndege aina ya Boeing 787 wazime umeme wa ndege hizo kabla hazijatimiza siku 248 mfululizo zikiwa zimewashwa, kwa sababu kihesabio kilichomo kwenye vidhibiti vya jenereta kingefurika na vidhibiti vyote vilivyowashwa pamoja vingezima pamoja. Kwa nini 248? Ikate sekunde moja vipande mia. Vipande 2,147,483,648 vinajaza siku 248 na nusu hivi.

Tarehe inayosubiriwa zaidi bado haijafika. Kompyuta zenye mfumo endeshi wa ukoo wa Unix, na nyingi zilizofuata mtindo wake, hupima muda kwa kuhesabu sekunde tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Sekunde ya 2,147,483,647 itatimia Jumanne, 19 Januari 2038. Kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala itakuwa saa 12 asubuhi, dakika 14 na sekunde 7. Sekunde moja baadaye, kifaa ambacho bado kinaweka muda katika biti 32 kitasoma Ijumaa, 13 Desemba 1901, kwa maana kitakuwa kinahesabu miaka 68 kurudi nyuma ya 1970.

Simu janja na kompyuta za kisasa zimeshahamia biti 64, ambako sekunde zinatosha kwa takriban miaka bilioni 292. Wasiwasi wangu uko kwenye vifaa vidogo vinavyofungwa ukutani na kusahaulika kwa miaka ishirini: mita, mitambo ya viwandani, mifumo ya milango. Uko pia kwenye hifadhidata za zamani ambazo safu yake ya tarehe haijaguswa tangu zilipoundwa. Wala si lazima kusubiri 2038 tatizo lijitokeze. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 unaoandikwa leo tayari una tarehe za marejesho zilizopita mpaka huo, na programu inayokokotoa tarehe hizo kwa biti 32 itakosea leo.

Hayo yote yangetokea hata kama 2,147,483,647 ingekuwa inagawanyika kwa 3. Ukomo hauhitaji utasa. Mashine za zamani za biti 16 ziliishia 32,767, nayo ni 7 × 31 × 151. Ukomo wa biti 64 ni 9,223,372,036,854,775,807, na hiyo inagawanyika kwa 7.

Kwa nini hii ni tasa?

Kuna sababu inayoonekana kwa macho. Chukua 1 kumi na tano za 32,767 katika binari na uzipange tatutatu: 111 111 111 111 111. Ni wazi kwamba 111, ambayo ni 7 yetu, inaingia humo kikamilifu, kama vile 111,111 ya kawaida inavyogawanyika kwa 111. Kipeo kikiwa na vigawo, namba nayo itakuwa na vigawo. Kwa hiyo ili 2 kwa kipeo cha n, ukitoa 1, iwe tasa, lazima n yenyewe iwe tasa. Na 31 ni tasa.

Laiti hilo lingetosha. Kipeo 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89. Hapa ndipo watu wenye akili kubwa walipojikwaa. Pietro Cataldi wa Bologna alithibitisha vipeo 17 na 19, kisha mwaka 1603 akadai kwamba 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Pierre de Fermat aliangusha 23 na 37 mwaka 1640: ya kwanza inagawanyika kwa 47, ya pili kwa 223. Leonhard Euler akaangusha 29 kwa kuonyesha kwamba 233 inaigawanya. Katika madai manne ya Cataldi likabaki moja tu, la 31. Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne naye alikuwa ameiweka 31 katika orodha aliyoichapisha mwaka 1644, na ndiyo maana namba za umbo hili zinaitwa namba za Mersenne, ingawa orodha yake ilikuwa na makosa: iliingiza 67 na 257 zisizostahili, ikaacha 61, 89 na 107.

Mwaka 1772, katika barua kwa mwanahisabati mwenzake, Bernoulli, iliyochapishwa na Akademia ya Berlin, Euler alitoa jibu: 2³¹ − 1 ni tasa. Alikuwa St. Petersburg, karibu kipofu kabisa, akifanya hesabu kwa kichwa na kuwaamuru wasaidizi waandike. Jinsi alivyolifikia jibu hilo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika habari ya namba hii, na mtu aliyemaliza hesabu za sekondari anaweza kuifuata.

Njia ya kawaida ya kuthibitisha utasa ni kujaribu vigawo tasa vyote hadi kipeuo cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu kinazidi 46,340 kidogo tu, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni 4,792. Kufanya migawanyo 4,792 kwa mkono, kila mmoja ukiwa wa namba yenye tarakimu kumi, ni kazi ya kumvunja mtu moyo. Euler aliuliza swali tofauti: kama kigawo tasa kipo, kitafananaje?

Tuite kigawo hicho q. Fikiria saa ya ukutani yenye alama q badala ya 12, na mshale wake ukisimama kwenye 1. Kila hatua, zidisha kwa 2 na ubakize baki. Kwa mfano q ikiwa 23, mshale unapita 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, kisha unarudi 1. Ni hatua 11. Ndiyo maana 23 inaigawanya 2¹¹ − 1: 2¹¹ inaacha baki ya 1.

Sasa, kama q inaigawanya 2³¹ − 1, mshale utakuwa umerudi kwenye 1 baada ya hatua 31. Je, ungeweza kuwa umerudi mapema zaidi? Urefu wa mzunguko lazima uigawanye 31, na 31 ni tasa, kwa hiyo mzunguko ni wa hatua 31 kamili. Upande wa pili Fermat alikuwa ameshaeleza kwamba kwa kila namba tasa q iliyo witiri, mshale huwa kwenye 1 baada ya hatua q − 1. Basi 31 lazima iigawanye q − 1. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, hivyo inagawanyika kwa 62. Kwa mkupuo mmoja, kigawo chochote tasa cha namba yetu lazima kiwe kizidisho cha 62 ukiongeza 1. Jaribu kanuni hiyohiyo kwenye 2,047: vigawo vyake vinapaswa kuwa vizidisho vya 22 ukiongeza 1. Na kweli, 23 ni 22 + 1, na 89 ni 88 + 1.

Euler hakuishia hapo. Kama 2³¹ inaacha baki ya 1, basi 2³² inaacha baki ya 2. Lakini 2³² ni mraba, ni 65,536 mara yenyewe. Maana yake ni kwamba kwenye saa ya q, 2 ina kipeuo cha pili kilicho namba nzima. Jambo hilo hutokea tu kwa namba tasa ambazo zikigawanywa kwa 8 hubakiza 1 au 7. Unganisha masharti yote mawili na yanabaki maumbo mawili: vizidisho vya 248 ukiongeza 1, au vizidisho vya 248 ukiongeza 63. (248 hii na ile ya Boeing zimekutana kwa sadfa tu, hii ni 8 × 31.)

Chini ya 46,341 wapo watuhumiwa 373 wa maumbo hayo, na wengi wanaanguka bila jasho kwa kuwa si tasa wenyewe: 63, 249, 497, 559. Wa kwanza anayestahili kujaribiwa ni 311. Gawanya: 311 inaingia mara 6,905,092, inabaki 35. Haimo. Anayefuata ni 1,303, kisha 1,489, na kuendelea. Ukiwamaliza wote bila kumpata hata mmoja anayegawanya, umethibitisha. Kazi ya migawanyo karibu 5,000 imebaki chini ya mia, na kilichoipunguza si mashine, ni kufikiri.

Karne moja baadaye Mfaransa Édouard Lucas aligundua kipimo kingine, ambacho Mmarekani D. H. Lehmer alikinyoosha mwaka 1930. Hakitafuti vigawo kabisa. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, bakiza baki ya kugawanya kwa namba unayoipima. Rudia hatua ambazo idadi yake ni pungufu kwa mbili kuliko kipeo; ukiishia sifuri, namba ni tasa. Kwa 31, yaani 2⁵ − 1: 4, kisha 14, kisha 194 inayobakiza 8, kisha 62 inayobakiza 0. Hatua tatu. Kwa namba yetu ni hatua 29. Kipimo hichohicho ndicho kinachothibitisha namba zinazopatikana katika utafutaji wa leo, ambao Oktoba 2024 ulitangaza namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana hadi sasa, 2 kwa kipeo cha 136,279,841 ukitoa 1, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41.

Kamilifu, kisha nasibu

Kila namba tasa ya Mersenne huzaa namba kamilifu, ile ambayo jumla ya vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, inalingana nayo, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3. Euclid alionyesha njia: zidisha 2³¹ − 1 kwa 2³⁰. Unapata 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya nane. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo itakayobaki kubwa kuliko zote zitakazogunduliwa milele, kwa sababu namba hizi ni za kustaajabisha tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Alikosea mara mbili. Lucas alithibitisha kipeo 127 mwaka 1876, na padri wa Kirusi, Ivan Pervushin, akathibitisha 61 mwaka 1883. Kosa la pili, la faida, lilichukua muda zaidi kuonekana.

Kompyuta inayochezesha mchezo au inayoigiza foleni ya barabarani inahitaji namba zinazoonekana nasibu. Mwaka 1969 watafiti Lewis, Goodman na Miller walieleza njia fupi ajabu: chukua namba, izidishe kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, bakiza baki, rudia. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, kisha 984,943,658. Hazionekani kufuata mpango wowote, na zinapita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, mara moja moja, kabla ya kurudi kwenye 1.

Hapa ndipo sifa zote mbili zinafanya kazi pamoja. Kwa kuwa kigawanyi ni tasa, baki haiwezi kuwa sifuri, kwa hiyo mnyororo haukatiki. Kwa kuwa ni 2³¹ − 1, kila jibu linatoshea katika biti 32 bila kufurika, na kugawanya kwenyewe ni kujumlisha tu: biti zinazozidi 31 zinakatwa na kuongezwa kwenye zilizobaki. Kilichohitaji uangalifu ni kuchagua kizidishi. Huwezi kuchagua 2. Tumeshaona kwamba kwenye saa hii 2 inarudi kwenye 1 baada ya hatua 31 tu. Urefu wa mzunguko lazima uigawanye 2,147,483,646, nayo ni 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331, kwa hiyo kila kimoja cha vigawo hivyo ni mtego wa mzunguko mfupi. Kizidishi kidogo kuliko vyote kinachoikwepa mitego yote ni 7, na 16,807 ni 7⁵. Njia hii ingali ndani ya maktaba sanifu ya lugha ya C++. Ila isitumike kamwe kutengeneza nywila au chochote cha siri: anayeiona baki moja anaweza kukokotoa zote zinazofuata.

Limebaki swali la kipeo chenyewe, 31, ambacho nacho ni 2⁵ − 1. Ukomo wa biti 8 ni 2⁷ − 1, yaani 127, nayo ni tasa. Ukomo wa biti 32 ni tasa. Ukomo wa biti 128, namba ile ya Lucas yenye tarakimu 39, ni tasa. Vipeo 7, 31 na 127 vyenyewe ni namba tasa za Mersenne. Je, kila namba tasa ya Mersenne ikiwekwa kuwa kipeo huzaa nyingine? Hapana: 8,191 ni tasa ya Mersenne, lakini 2 kwa kipeo cha 8,191 ukitoa 1 si tasa.

Na tukiweka 2,147,483,647 yetu kuwa kipeo, kisha tukatoa 1? Namba inayotoka ina tarakimu zaidi ya milioni 646. Hakuna anayeweza kuigawanya kwa mkono, lakini hoja ya Euler haijali ukubwa: kigawo chake chochote tasa lazima kiwe kizidisho cha 4,294,967,294 ukiongeza 1. Waliotafuta kwa kanuni hiyo waliizidisha namba hiyo mara 68,745, na matokeo yake ukiongeza 1 ni 295,257,526,626,031, na hiyo inaigawanya bila baki. Kwa kipeo kinachofuata, namba ya Lucas yenyewe, bado hakuna kigawo kilichopatikana wala uthibitisho wa utasa. Kigawo kidogo kabisa kinachoruhusiwa na kanuni ya Euler, mbali na 1, kinaanzia kwenye tarakimu 39.